Lantana Kutoka Saboti Hadi Myanga

Kitale,
Jumatano, 9 Agosti 2006

Kwa kaka yangu mpendwa Kimotho,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi na mahindi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima hapo Nakuru, wewe na Wamboi na watoto, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Kama bado, acha kujifanya daktari wa vidonge vya dukani, nenda hospitali. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia makaratasi yote haya na simu tunazo. Kaka, simu nimejaribu. Mara mbili nimekupigia, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza bei ya viazi mpaka ukacheka, ukasema ati nimekuwa dalali. Kuna maneno mtu hawezi kuyasema huku anasikia mwenzake akipumua. Ndiyo maana nimempa Wacera wa kanisani barua hii akuletee mkononi. Tafuta mahali uketi peke yako, na mjomba Wanyonyi akikupigia kabla hujafika mwisho, usishike. Umesikia? Usishike.

Unajua tangu Februari nina kazi kwenye mradi wa magugu. Baraza la wilaya la huku na lile la Bungoma wameungana na vikundi vya kina mama na wazee wa vijiji, wachore ramani ya mimea ya kigeni inayomeza mashamba ya watu. Mimi nimepewa lantana. Unaujua ule mti wa miiba, wenye maua ya manjano na ya waridi, ambao ukifikicha jani lake mkono unanuka mpaka jioni. Watu waliupanda kama ua la boma, sasa umeruka ua umeingia malishoni. Ng'ombe wakiula wanachunika ngozi ya pua, na wengine wanakufa. Kazi yangu ni kutembea na fomu na kile kidude cha GPS, mzee wa kijiji akinitangulia. Nasimama kwenye kila kichaka, naandika namba za mahali, nauliza maswali. Chifu akishatangaza barazani, watu hawanifukuzi. Wananiita Madam Lantana. Wacha wacheke, mshahara ni mshahara.

Mkubwa wetu ni Khaemba, ofisa wa mazingira pale Bungoma, mtu wa mzaha, anasema "lamani" badala ya ramani na ukimcheka anakucheka zaidi. Ni yeye aliyeongeza swali lililonifikisha hapa. Alituambia kwamba lantana ya kichakani huletwa na ndege, lakini ua lililonyooka limetoka kwenye mkono wa mtu. Kwa hiyo tumuulize kila mwenye ua ni nani aliyempa mche, na mwaka gani, tupate kujua ugonjwa ulianzia wapi na unaelekea wapi. Niliona ni swali la kutujazia kazi tu. Nikanung'unika, nikaliuliza.

Nilianza na mjane mmoja karibu na Saboti, Mama Rosaline. Alisema ua lake lilipandwa mwisho wa mwaka wa tisini na mbili na mwanamke mpita njia, anayechechemea mguu wa kushoto, aliyebeba mzigo wa vijiti mgongoni jinsi mtu anavyobeba mtoto. Alifika saa sita mchana, mvua ikinyesha, akasimama nje ya lango. Akaambiwa aingie, akakataa. Akaambiwa basi asimame hata chini ya paa, akakataa. Aliuliza jambo moja tu, kama nyumba hiyo ina watoto. Alipoambiwa wapo, akauliza majina yao, mmoja mmoja, kisha akazunguka boma lote akipanda vijiti viwili viwili, kila jozi ameifunga kwa kitambaa. Uji aliopewa aliomba uwekwe chini, ndipo akauokota mwenyewe. Na Rosaline aliposema asante, yule mwanamke aliziba masikio, akamwambia mtu kama yeye hashukuriwi.

Rosaline alinionyesha jozi moja. Mashina yamenenepa yakakimeza kile kitambaa, kimebaki kipande cha buluu chenye vidoti vyeupe. Nilikitazama, nikajiambia kila mama wa enzi zile alikuwa na gauni kama hilo. Nikaandika kwenye fomu: mpita njia, labda mgonjwa wa akili. Nikaendelea na safari yangu.

Kufikia Mei nilikuwa na fomu kumi na tisa zinazosema hivyo hivyo. Watu wasiojuana, kaka. Wengine Wabukusu, wengine watu wetu Wakikuyu, wengine Wasabaot. Mguu wa kushoto, vijiti viwili viwili, uji chini, usiniambie asante. Nikarudi kwenye maboma ya katikati ambayo hayana ua hilo, nikauliza kwa nini wao waliachwa. Nikakuta ni wazee watupu, au watu ambao miaka hiyo walikuwa hawajazaa. Yeye aliwapita bila hata kugeuza shingo.

Khaemba alizipachika pini nyekundu kwenye ramani kubwa ya ukutani, akaandika mwaka chini ya kila pini, kisha akafunga uzi kutoka mwaka hadi mwaka. Tulitegemea uzi usambae kila upande, maana magugu husambaa hivyo. Huu ulitoka mstari mmoja. Ulianza Saboti, ukazunguka Kitale, ukateremka Kiminini, Kamukuywa, ukaenda kama unaelekea Bungoma, na hakuna mahali ulipogeuka kurudi nyuma. Ofisi nzima ilicheka Khaemba aliposema mmea huu umeota miguu. Kesho yake nilimkuta anaitazama ile ramani peke yake na chai imepoa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ametafuna mzaha wake usiku kucha na hauchekeshi tena. Tangu siku hiyo anaketi akiipa ramani mgongo.

Sasa nisikilize. Karibu na Kiminini kuna mzee anaitwa Kipketer, ua lake ni la mwaka wa tisini na tano. Alinisimulia yale yale, nami naandika bila kuinua kichwa, maana nilishayakariri. Kisha akaongeza jambo ambalo wengine hawakulisema. Alisema yule mwanamke alipomaliza kupanda alipiga magoti, akainamia udongo, akataja majina mawili kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama anayeita watoto waje wale. Jina moja lilikuwa Kimotho. Mzee alilikumbuka kwa sababu alishangaa, mama mwenye ulimi wa Kibukusu anamtafuta Mkikuyu gani kwenye udongo wake. La pili lilikuwa limempotea. Akaniangalia, akaniuliza mimi naitwa nani vile. Nikamwambia Wakonyo. Mzee aliweka fimbo yake chini, akasema ndilo hilo.

Kaka, sikukimbia. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanachakura, nami nikaifunga fomu bila kuimaliza.

Kwa wiki mbili sikumwambia mtu. Nilikwenda Saboti, nikasimama kwenye lile kaburi. Wewe unalijua kuliko mimi, ni wewe na mjomba mliolichimba. Unakumbuka Baba, Mungu amrehemu, alivyokataa kwanza. Alisema kwao Gikuyu hakuna mtu anayezika shina la mgomba, kama mwili wa mkewe Nasimiyu haujaonekana basi yeye atangoja. Kina mjomba wakaja kutoka Bungoma na shina lao limefungwa shuka jeupe kama mtu, wakasema binti yao hawezi kuachwa nje bila mahali pa kulala, na baada ya wiki saba za kubishana Baba akachoka. Mchungaji aliomba akiwa amefumbua macho. Msalaba ukaandikwa jina la Mama. Na yote hayo yalifanyika kwa sababu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, mimi, niliyefika Kitale asubuhi ile tuliyochomewa nyumba kwenye mapigano ya makabila, nikasema nimeona kwa macho yangu maji ya mto yakimchukua. Siku ya mazishi sikuweza kufungua mdomo. Ukasimama wewe kwa niaba yangu, ukawaeleza watu jinsi alivyokufa, kana kwamba ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulinihurumia.

Julai nilifika Myanga. Huko pini zilikuwa za mwaka jana na mwaka huu, na boma la mwisho ni la mama mmoja muuza samaki sokoni, Pauline. Ua lake lilikuwa vijiti tu, vimeanza kutoa majani mawili matatu, vitambaa bado vipya. Kabla sijauliza swali la mwaka, Pauline aliniambia kwamba mwenyewe bado yuko, analala kwenye banda bovu la kukaushia tumbaku kule mwisho wa shamba, na mchana huja kuketi nje ya ua asikilize watoto wakicheza. Aliniuliza kama nataka kumwona. Ilikuwa saa nane mchana. Nilisema ndiyo, na sauti iliyosema ndiyo sikuijua.

Ni Mama. Usiulize kama nina hakika. Amekuwa mdogo, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na harufu yake ni ile ya jani lililofikichwa. Alinitazama kwa muda mrefu, akamuuliza Pauline huyu ni mtoto wa nani. Nikataja jina langu. Hakulia, kaka, wala hakuninyoshea mkono. Aliniomba nisogee nyuma hatua tatu, kivuli changu kisimguse. Hapo nililia mimi, nililia kama mbuzi, mpaka watoto wa Pauline wakaacha kucheza.

Kisha akasimulia, akiitazama ardhi. Asubuhi ile mguu wake ulivunjika, akajikokota ndani ya ua la lantana la boma lililokuwa limeshateketea. Watu wenye mapanga walipita karibu naye wasimwone. Alikaa humo siku nyingi akila yale matunda meusi, mpaka mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe akamkuta, akamfunga mguu kwa mbao. Alipoweza kutembea akarudi nyumbani. Alifika kwenye njia ya juu, akasikia watu wanaimba. Akamuuliza binti aliyekuwa anapita ni nani amekufa. Akaambiwa ni Nasimiyu, bibi ya Gachanja. Akamwona kaka yake mwenyewe akimwaga udongo, akakuona wewe, akaniona mimi nimeshika gauni la shangazi. Akageuka.

Nilimuuliza kwa nini, kwa nini hakupiga hata yowe. Alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto mjinga. Katika ukoo wao mtu aliyekwisha kuzikwa haingii lango. Kaburi limelishwa mgomba likaambiwa ni mtu, na siku mwenye jina atakapoingia nyumbani, kaburi litajua limedanganywa, litatafuta mtu wa kweli humo humo ndani. Na humo ndani alikuwa na watoto wawili. Basi akaenda, na kila alipokuta watoto wa wengine akawapandia kile kilichomficha yeye, akatutaja na sisi. Amefanya hivyo miaka kumi na minne. Habari ya ng'ombe wanaokufa sikumwambia. Fomu ya Myanga sijairudisha ofisini, maana ramani ikikamilika wataanza kung'oa, na sijui nitamwambia nini.

Nilikwenda kwa mjomba Wanyonyi. Aliposikia aliketi chini barabarani na suti yake ya kanisa. Kisha akapanda boda boda ya baiskeli hadi Myanga, wakaongea na dada yake, kila mmoja upande wake wa ua. Mjomba anasema jambo hili linafunguka. Kaburi linachimbwa, shina au udongo wake unatolewa, shimo linajazwa, na mwenye jina anaingia lango siku hiyo hiyo. Lakini jembe la kwanza lazima lipigwe na yule aliyeleta habari ya kifo, tena akitamka kwamba alisema ambalo halikuwa. Akilipiga mwingine, kaburi litamshika yeye kuwa ndiye mdeni wake. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nilikuwa nacheka mambo kama haya. Kaka, sicheki. Nimeona ule uzi ukutani.

Ndipo Mama akauliza, mbele ya mjomba, ni nani aliyeleta habari.

Nilisema ni Kimotho.

Sikupanga. Jina lilitoka kabla sijaliona. Mjomba akaitikia kwa kichwa, maana anakukumbuka ulivyosimama ukaongea siku ile. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimwone, akasema ulikuwa mtoto, macho ya mtoto katika moto hayana kosa, uje tu umpigie hilo jembe. Wamepanga Jumamosi tarehe kumi na tisa. Mjomba atakupigia simu akwambie uje na jembe jipya ambalo halijawahi kulima. Wewe ninavyokujua utakuja, na kwa wema wako ule ule utasimama tena mahali pangu.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu, hata Baba alipokuwa anakata roho. Sikuona maji yakimchukua mtu. Hatukufika hata mtoni. Mama alianguka kwenye njia ya shamba la jirani, mguu umepinda, akaniambia kimbia umlete baba yako, umwonyeshe nilipo. Nilikimbia. Nilipofika pale kanisani Kitale, Baba akanishika mabega akauliza mama yako yuko wapi, nikajua nikisema yuko hai nitarudishwa kuonyesha njia. Niliogopa kurudi. Ni hivyo tu, kaka, hakuna kingine. Nilisema amekufa ili nisirudishwe. Nilifikiri atakuja mwenyewe jioni, nichapwe, yaishe. Jioni hakuja, na kila siku iliyopita uongo ulizidi kuwa mzito wa kubebwa na mtoto. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi na minne na Mama ameitembea yote kwa mguu mmoja.

Nimejaribu kumwambia. Nimekwenda Myanga mara mbili tangu siku ile na mara zote mbili nimemkuta ameanza yeye, anataja jina lako kwa upole mpaka naaga bila kumwambia. Kaburi silihofu sana. Ninahofu uso wake akijua kwamba nilimwona akiwa hai, akanituma, nikamzika.

Njoo Jumamosi hiyo, nakusihi, Mama ana hamu nawe. Lakini jembe usiliguse. Wakikupa, liweke chini, useme kwa sauti kwamba si wewe. Kama nitakuwa bado nimenyamaza, ninyoshee kidole mbele ya wote. Usinihurumie kama ulivyonihurumia mwaka ule. Ukinihurumia sasa, sijui ni nani tutamzika.

Msalimie sana Wamboi, mwambie nimepata zile mbegu za maharagwe. Wabusu watoto, na yule Nasimiyu wako mdogo mwambie shangazi anamkumbuka. Mjomba hajambo, Khaemba hajambo, mvua ni ya kutosha.

Mama naye anakusalimu. Amenituma nikwambie amekusamehe kabisa, ulale usingizi. Nimeziandika salamu hizo kama alivyozisema, kwa sababu nimetumwa, ingawa wewe hukumkosea lolote.

Ni mimi dada yako,
Wakonyo wa Gachanja